Uzi maalumu: Intaneti ya laini kwenye kompyuta mpakato ukiwa safarini, kuanzia Moshi na Rombo hadi Arusha na Karatu

Mleta mada (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, ninaishi Moshi, na kazi yangu hunipeleka kwenye vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa kahawa vilivyotawanyika Kibosho, Uru, Marangu, Mwika na Rombo, na mara nyingine hunifikisha Arumeru na Karatu. Ofisi nyingi ninazoingia huko zina meza, kabati la chuma na vitabu vya kupokelea kahawa vilivyoandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, lakini hazina rauta wala waya wa intaneti. Kila jedwali ninalotuma, kila barua pepe ninayojibu na kila kikao ninachohudhuria kwa video hupita kwenye laini iliyomo mfukoni mwangu. Kwa miaka kadhaa nilikosea sana katika jambo hili na nikapoteza fedha nyingi za vifurushi, kwa hiyo naomba niweke hapa niliyojifunza ili anayesafiri na kompyuta yake asipite njia ileile.

Kilichonisukuma kuandika ni kisa cha mwezi uliopita. Kijana aliyeajiriwa karibuni ofisini kwetu alijiunga na kifurushi cha GB 10 asubuhi tukiwa stendi ya Moshi, na saa saba mchana, tukiwa Mwika, akapokea ujumbe kwamba kimekwisha. Asubuhi nzima alikuwa ametuma faili mbili tu za majedwali. Alikasirika na kuamini kwamba ameibiwa, na sikumlaumu, maana fedha ilikuwa yake na hakuona ilikokwenda. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chama, tukafungua mipangilio ya Windows kwenye sehemu inayoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani katika siku 30 zilizopita. Jibu lilikuwa pale pale: masasisho ya Windows yalikuwa yamechukua zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa picha za harusi ya dada yake, ambazo zilikuwa zikipandishwa kimyakimya kwenye hifadhi ya mtandaoni. Data haikuibwa. Iliyoila ni kompyuta yake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba kompyuta mpakato haijui kuwa iko safarini. Simu imeundwa kwa kuelewa kwamba data ya laini inahesabiwa, ndiyo maana husubiri waifai kabla ya kupakua vitu vizito. Kompyuta ukiiunganisha na simu yako huona jina la waifai tu, na kwake waifai ni nyumbani au ofisini, mahali penye faiba (intaneti ya waya) isiyohesabiwa kwa GB. Basi hutumia nafasi hiyo kumaliza kazi zote ilizokuwa imeziahirisha. Usipoiambia mwenyewe kwamba mtandao huu ni wa kupimwa, hakuna atakayeiambia.

Kuiambia si kazi ngumu. Kwenye Windows 10 na 11, ukishaunganisha, fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la waifai ya simu yako, kisha washa sehemu iliyoandikwa "Metered connection". Kuanzia hapo masasisho mengi husubiri, na hifadhi ya mtandaoni ya OneDrive husimama hadi uiruhusu. Wenye kompyuta za Mac zenye macOS Ventura na matoleo yaliyofuata wanayo mipangilio inayofanana na hiyo kwa kila waifai. Zingatieni hili, kwa sababu ndilo linalowaponza hata waliokwisha kujifunza: mpangilio huu hushikamana na jina la mtandao mmoja. Ukibadilisha jina la hotspoti yako (yaani waifai inayogawiwa na simu), au ukiazima simu ya mwenzako, kompyuta huuona kuwa ni mtandao mpya na kurudi kwenye tabia yake ya zamani. Vilevile ukiacha waifai na kuunganisha simu kwa waya wa USB, Windows huuchukulia kama mtandao wa waya, na utalazimika kuuwekea mpangilio huo upya. Tena si programu zote zinazotii. Hifadhi nyingine za mtandaoni, baadhi ya programu za kuzuia virusi na michezo ya watoto iliyosahaulika kwenye kompyuta ya familia huendelea kuvuta kama kawaida, na hizo huna budi kuzisimamisha moja moja.

Kuna jambo la kalenda ambalo limenisaidia mno. Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi kwa saa za Marekani, ambazo kwetu ni Jumanne usiku. Anayefungua kompyuta shambani Jumatano asubuhi hukutana na mzigo huo wote kwa mara moja. Mimi siku hizi wiki hiyo hubaki Moshi hadi kompyuta imalize kupakua na kujiwasha upya kwa faiba ya ofisi, ndipo nipande gari. Sisemi tuyakwepe masasisho, kwa maana kompyuta inayobeba hesabu za wakulima haipaswi kukaa bila kinga. Nasema yapakuliwe mahali ambapo hayamuumizi mtu.

Kuhusu matumizi yenyewe, naomba kila mmoja wetu ajifunze hesabu moja ndogo. Kasi hupimwa kwa biti na kifurushi hupimwa kwa baiti, na biti 8 ndizo hufanya baiti 1. Kwa hiyo mkondo wa Mbps 1 (biti milioni moja kwa sekunde) unaotiririka bila kukatika kwa saa nzima hula MB 450. Kikao cha video kinachoshusha Mbps 1 na kupandisha Mbps 1 kitakula MB 900 kwa saa, na vikao vitatu vya namna hiyo vimekaribia GB 3. Sauti peke yake huhitaji chini ya Kbps 100 (biti laki moja kwa sekunde), yaani chini ya MB 45 kwa saa. Wengi huzima kamera zao wakidhani wamemaliza, lakini kuzima kamera yako huokoa kinachopanda tu. Nyuso za wenzako zinaendelea kushuka hadi uzizuie kwenye mipangilio ya kikao. Mimi humwomba mwenyekiti wa kikao radhi mapema, nikazuia video zote na kubaki na sauti na majedwali yanayoonyeshwa.

Sasa nije kwenye mawimbi, kwa kuwa hapa ndipo mlima wetu una tabia zake. Miteremko ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo marefu yanayoshuka kutoka msituni hadi tambarare, na minara mingi imejengwa juu ya migongo na kando ya barabara za lami. Ofisi iliyo mgongoni hupata 4G nzuri, na nyingine iliyo bondeni, umbali wa kutembea kwa dakika kumi tu, hubaki na alama ya E (ya mtandao wa zamani wa EDGE), ambayo hata ikiwa katika hali yake bora haifiki Mbps 1. Ukiongeza bati juu, kuta nene na migomba iliyoshonana, mawimbi yanazidi kuchoka. Masafa ya chini kama MHz 700 na 800 huenda mbali na kupenya vizuri zaidi kuliko yale ya 1800 au 2600, ndiyo sababu kampuni mbili zenye minara kijiji kimoja zinaweza kukupa huduma zisizofanana ndani ya chumba kilekile.

Dawa niliyoipata ni kuacha kuiweka simu mezani kando ya kompyuta. Huiweka dirishani, upande unaotazama tambarare au mgongo wenye mnara, nami nikakaa ninapotaka, kwa kuwa waifai ya simu hufika mita kadhaa bila shida. Mara nyingine huiinua juu ya kabati, na tofauti huonekana mara moja. Ninayo pia laini ya kampuni ya pili, nami nimeandika kwenye daftari langu, kijiji kwa kijiji, ipi inashika wapi. Daftari hilo limenifaa kuliko ramani za matangazo, kwa sababu ramani hupakwa rangi wilaya nzima ilhali mimi nahitaji kujua kuhusu chumba kimoja chenye bati. Kumbukeni pia kwamba mnara ni wa watu wote wanaouzunguka. Saa mbili usiku kila mtu yuko kwenye simu yake, na saa kumi na moja alfajiri mnara uleule huwa mwepesi. Faili zangu nzito huzituma alfajiri.

Wanaofanya kazi Rombo, Holili, Tarakea au Namanga wawe waangalifu zaidi. Simu huchagua mnara unaosikika vizuri, na mpakani mnara huo unaweza kuwa wa Kenya hata kama wewe hujavuka. Zima ruhusa ya data ya nje ya nchi (data roaming), kisha chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu. Kompyuta yenye njaa ya masasisho ikikutana na bei za data za nje ya nchi, hasara yake si ya kusimulia.

Mwisho, haki zetu. Kanuni za vifurushi zilizoanza kutumika April 2021 zinawataka watoa huduma wamjulishe mteja anapofikisha asilimia 75 ya matumizi na tena anapofikisha asilimia 100, na wasiendelee kumtoza nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Tatizo ni kwamba ujumbe huo hufika kwenye simu iliyoko dirishani, na wewe macho yako yapo kwenye jedwali. Kama laini imo ndani ya modemu (kifaa cha laini kinachochomekwa kwenye kompyuta) huenda usiuone kabisa hadi ufungue ukurasa wa modemu wenyewe. Jiwekeeni mazoea ya kuangalia.

Karibuni wenye uzoefu mwingine, hasa wa njia ya Arusha.

Mchangiaji wa kwanza (Arusha, dereva na mwongoza watalii)

Mkuu, ahsante kwa andiko hili. Naongezea ya upande wetu.

Wageni wengi ninaowapokea uwanja wa ndege wa KIA siku hizi wanashuka na kompyuta wakitaka kufanya kazi jioni wakiwa Karatu au Mto wa Mbu. Swali lao la kwanza ni kama hoteli ina waifai, nami huwajibu kwamba ipo, lakini nyumba yenye vyumba 30 ikitumia waifai moja baada ya chakula cha jioni, kila mtu hupata kidogo sana. Anayetegemea kazi yake namshauri anunue laini hapa Arusha kabla hatujaondoka. Mgeni husajiliwa kwa pasipoti yake na alama za vidole, kama sisi tunavyosajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo aende mwenyewe dukani. Asikubali kamwe kuuziwa barabarani laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Na wenyeji tusiwasajilie wageni laini kwa majina yetu kwa huruma, kwa sababu kitakachofanywa kwa laini hiyo tutaulizwa sisi. Kila mmoja anaweza kupiga *106# akaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Wengine huja na eSIM (laini za kielektroniki zisizo na kadi) walizonunua kwao kabla ya kupanda ndege. Zinafanya kazi, na ni nafuu ya usumbufu, lakini mara nyingi data yake huzungushwa kupitia nchi nyingine kabla ya kutoka kwenye intaneti. Kwa barua pepe hutaona tatizo. Kwa mazungumzo ya video utasikia sauti inachelewa, na tovuti ya benki inaweza kukuuliza maswali mengi ikidhani umeingia kutoka nchi usiyokuwepo. Halafu kuna wale wenye simu zilizofungwa na kampuni za kwao, ambazo hazikubali laini yetu hata kidogo. Huyo atumie kifaa kingine cha kubebea laini.

Njiani kuanzia Arusha kupita Kisongo na Makuyuni, usitegemee mkutano wa video ndani ya gari. Hata panapokuwa na minara, simu inakabidhiwa kutoka mnara mmoja kwenda mwingine ukiwa kwenye mwendo, na bati la gari nalo linazuia. Ndani ya kreta ya Ngorongoro umeshuka mita zipatazo 600 kutoka ukingoni na umezungukwa na kuta pande zote. Mgeni akiniuliza kuhusu intaneti humwambia apange kazi zake asubuhi kabla ya kushuka au jioni baada ya kupanda. Lingine ni joto. Simu inayogawa intaneti huku ikichajiwa juu ya dashibodi kwenye jua hupata moto, na ikipata moto hupunguza kasi au huacha kuchaji. Ifunikwe na iwekwe kivulini.

Kwa wanaopanda mlima: tangu Agosti 2022 kampuni ya simu ya TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720 kwa njia ya Marangu. Nimewaona wageni wakituma kazi zao kutoka pale. Lakini baridi hupunguza nguvu ya betri haraka sana, kwa hiyo simu na pawabenki vilale ndani ya begi la kulalia pamoja na mwenyewe, na kompyuta ibaki Moshi isipokuwa kama kweli hakuna budi.

Mchangiaji wa pili (Moshi, fundi kompyuta)

Ndugu mleta mada ameeleza vizuri kuhusu simu, nami naomba nizungumzie modemu, kwa kuwa zinaletwa kwangu karibu kila wiki.

Malalamiko ya kwanza ni kwamba modemu inakatikakatika. Mara nyingi laini ni nzima na mnara ni mzima. Kinachokosekana ni umeme. Tundu la USB 2.0 limeahidi kutoa miliampia 500 tu, na modemu inapotafuta mnara wa mbali huongeza nguvu yake ya kurusha hadi kukaribia kiwango hicho. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, ambacho tayari kina kipanya na diski, itazimika na kuwaka. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama unataka kuisogeza dirishani, tumia waya mfupi wa kurefushia wenye ubora.

Malalamiko ya pili ni laini kukwama ndani. Modemu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa laini kubwa, na laini za sasa ni ndogo, hivyo watu hutumia fremu za plastiki. Fremu tupu ikichomolewa hung'oa pini za ndani. Modemu niliyoletewa ikiwa na pini zilizong'oka kwa kawaida haitengenezeki kwa bei inayolingana na thamani yake, na inaniuma kumwambia mteja hivyo. Bandikeni karatasi nyembamba ya gundi nyuma ya fremu ili laini na fremu viwe kitu kimoja.

Jambo la tatu ni kasi ya kifaa chenyewe. Modemu za 3G zilizouzwa kwa wingi miaka ya nyuma ziliandikwa Mbps 7.2, na hicho ni kikomo cha maabara. Kuitia laini ya 4G hakuibadilishi kuwa ya 4G. Kwa bei ya leo ningemshauri mtu achukue kifaa kidogo cha MiFi cha 4G (hubeba laini na kugawa waifai) chenye betri yake, kwa kuwa hakikai mdomoni mwa kompyuta, hakivunjiki ukiigonga, na kinaweza kuhudumia watu wawili au watatu. Ukinunua kilichotumika, kijaribu na laini za kampuni mbili kabla ya kulipa, maana vingi vilifungwa kwa kampuni moja. Angalia pia namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) kwenye kibandiko chake iwe inasomeka na inalingana na ile iliyomo ndani, kwa kuwa tangu Juni 2016 vifaa vyenye IMEI bandia huzimwa kwenye mitandao yetu.

Na kuna siri moja ambayo wenye kompyuta za mtumba hawaijui. ThinkPad, Latitude na EliteBook nyingi zinazoingia kutoka Ulaya zilikuwa za maofisi, na baadhi zina tundu la laini, nyuma ya betri au ubavuni. Tundu peke yake halitoshi, lazima pawepo kadi ya mawimbi ndani na nyaya za antena zilizopita kwenye kioo. Kama kadi ipo, weka laini, andika jina la APN (lango la intaneti) la kampuni yako, na Windows huutambua mara moja kwamba ni mtandao wa kupimwa, bila wewe kuuambia. Kama kadi haipo, usinunue yoyote tu uliyoiona ikiuzwa. Baadhi ya kompyuta hizo hukataa kuwaka zikikuta kadi ambayo haimo kwenye orodha ya mtengenezaji. Njoo na modeli kamili kwanza.

Mchangiaji wa tatu (Arusha, mwanafunzi)

Shikamooni wakubwa. Mimi ninasoma chuo kwa masafa, na wiki ijayo nina mtihani wa mtandaoni unaochukua muda wa saa mbili siku ileile ninayosafiri kwa basi kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Nina kifurushi cha kutosha na pawabenki. Je, ninaweza kuufanyia ndani ya basi, hasa kati ya Same na Korogwe ambako barabara ni nzuri?

Mleta mada (Moshi)

Marahaba. Nakuomba sana, usifanye hivyo. Ubora wa barabara hauhusiani na mawimbi. Kati ya Same na Korogwe utapita chini ya milima ya Pare na Usambara, mara mnara uko mbele yako, mara umejificha nyuma ya mlima, na mtihani hauna subira kama barua pepe. Ujumbe uliokatika hutumwa tena wenyewe bila wewe kujua, lakini ukurasa wa mtihani ukikatika wakati wa kuwasilisha unaweza kupoteza saa mbili za jasho lako. Safari ya Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Kama haiahirishiki, ondoka siku moja kabla, au shuka Moshi, fanya mtihani katika chumba ulichokijaribu jana yake kwa saa ileile, kisha uendelee na basi la baadaye. Gharama ya tiketi ya pili ni ndogo kuliko ya muhula.

Uwe pia na laini ya kampuni ya pili iliyo tayari, yenye kifurushi, na hotspoti yake ikiwa imeshatambuliwa na kompyuta yako. Kuanza kutafuta nywila wakati dakika zinahesabika ni mateso.

Laini mbili nazo zina kikomo chake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, kampuni zote zilitikisika kwa pamoja, kwa sababu data yetu nyingi hutoka nchini kwa njia ya bahari. Siku ile nilikuwa Uru, vijiti vya mtandao vimejaa na hakuna ukurasa uliofunguka. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeshusha nakala za majedwali yote kwenye kompyuta, nikafanya kazi bila mtandao na kutuma siku iliyofuata. Kwa hiyo masomo, miongozo na fomu zako zipakue kabla ya kusafiri.

Mchangiaji wa nne (Usa River)

Mkuu, vipi usalama? Mimi hulala nyumba za wageni na hutumia waifai yao kuokoa bando, na kazi zangu ni za malipo ya watu.

Mleta mada (Moshi)

Kwa malipo ya watu ningetumia laini yangu tu. Kazi ya malipo haili data nyingi, ni kurasa chache, na waifai ambayo nywila yake imebandikwa ukutani mapokezi inajulikana na kila aliyewahi kulala hapo. Waifai ya nyumba ya wageni ningeiachia masasisho na video. Hotspoti yako nayo iwekee nywila ndefu na uizime unapomaliza, kwa kuwa jirani wa chumba cha pili anaweza kuwa amejiunga bila nia mbaya, akidhani ni ya nyumba. Ofisi nyingine huwataka wafanyakazi wapite VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti). Kama yako ni mojawapo, waulize kama walitoa taarifa, kwa sababu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano (TCRA) iliwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kueleza matumizi yao. Hilo ni la ofisi kulishughulikia, si la wewe kubahatisha ukiwa safarini.

Mchangiaji wa tano (Marangu)

Nimejaribu kuunganisha simu kwa waya kama mlivyosema, simu inachaji lakini kompyuta haioni mtandao wowote. Nimewasha na kuzima mara nyingi bila mafanikio.

Mchangiaji wa pili (Moshi, fundi kompyuta)

Ndugu, anza na waya wenyewe. Nyaya nyingi za bei ndogo zina nyuzi mbili tu za umeme, na zile mbili za kupitisha data hazimo kabisa. Simu itachaji milele na kompyuta haitajua kwamba kuna kitu. Chukua waya uliokuja na simu, au ule ambao umewahi kuhamishia picha. Ukiuchomeka, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti uwashe kugawa intaneti kwa USB, kwa kuwa kwenye Android sehemu hiyo haibonyezeki hadi simu itambue kwamba iko kwenye kompyuta, na hujizima kila unapochomoa. Kama simu yako ni iPhone na kompyuta ni ya Windows, weka kwanza iTunes, maana humo ndimo mna programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua, kisha ukubali swali la kuiamini kompyuta litakalotokea kwenye kioo cha simu. Ikikataa baada ya hayo, niletee simu na waya pamoja. Usilete simu peke yake.